Draiva Imeanguka, Lakini Nani Kaisukuma?

Gemu inakwenda vizuri, umekaribia kumaliza hatua uliyoihangaikia tangu jioni, mara picha inaganda. Sauti inabaki ikirudia kipande kilekile, trrr, trrr, trrr. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili. Ikirudi, gemu haipo. Umebaki mbele ya ukurasa wa mwanzo wa Windows, na ujumbe mdogo unakwambia kwamba draiva ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi ya michoro, iliacha kuitikia na sasa imerejea. Siku nyingine hakuna ujumbe wowote, gemu inajifunga kimya. Siku nyingine inaacha kidirisha chenye namba ngeni, 0x887A0006 au ndugu yake. Na siku mbaya zaidi skrini nzima inageuka bluu, au mashine inajizima na kuwaka upya kana kwamba mtu kachomoa waya ukutani.

Wengi wetu hukimbilia jambo moja: kufuta draiva na kuweka mpya. Tatizo likirudi, tunafuta tena. Likirudi mara ya tatu tunaweka Windows upya, tunapoteza mafaili, na usiku uleule skrini inaganda palepale. Nimewaona watu wakizunguka hivyo kwa majuma, na mimi mwenyewe nimezunguka. Kosa linaanzia kwenye kuusoma ule ujumbe. Unasema draiva imeacha kuitikia, nasi tunaelewa kwamba draiva ni mbovu. Sivyo unavyosema. Ujumbe unamtaja aliyeonekana akianguka, haujui nani kamsukuma. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini kwenye kompyuta zetu mjumbe anauawa kila siku, mwingine anawekwa mahali pake, na mkosaji bado amekaa pembeni.

Sekunde mbili

Gemu haizungumzi na kadi ya michoro moja kwa moja. Inaandika maagizo yake kwa lugha ya kati, DirectX au Vulkan, ambayo haijali kadi yako ni ya NVIDIA, AMD au Intel. Kazi ya draiva ni ukalimani: kuyachukua maagizo hayo na kuyageuza yawe kitu ambacho GPU hii hasa, yaani chipu kuu ya kadi, ya toleo hili hasa, inakielewa. Na draiva haiko mahali pamoja. Sehemu yake moja hukaa ndani ya gemu yenyewe, ikitafsiri na kuandaa sheda, yaani zile programu ndogo zinazoamua kila nukta ya skrini iwe na rangi na mwanga gani. Sehemu nyingine hukaa kwenye kiini cha mfumo endeshi, ikipanga foleni ya kazi zinazokwenda kwenye GPU na kugawa kumbukumbu yake. Ya kwanza ikianguka, mara nyingi ni gemu tu inayokufa. Ya pili ikianguka bila kuokolewa, mashine nzima inakwenda nayo, na ndiyo ile skrini ya bluu.

Kuna wakati hapakuwa na uokoaji. GPU ikikwama, kompyuta imekwama, unabonyeza kitufe cha kuzima na kuanza upya. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ilileta mpangilio mpya wa draiva za michoro, na ndani yake kulikuwa na mlinzi anayeitwa TDR, kifupi cha Timeout Detection and Recovery. Kazi yake ni kuangalia saa. Windows ikiitaka GPU imalize au isimamishe kazi iliyoshika, nayo ikashindwa kwa sekunde 2, mlinzi anaamua kwamba imekwama. Anaifuta kazi ile, anairudisha GPU katika hali yake ya mwanzo, anaiamsha draiva upya, na kompyuta inaendelea. Tatizo ni kwamba kila kitu ambacho gemu ilikuwa imekihifadhi kwenye kumbukumbu ya kadi kimepotea: michoro, maumbo, sheda, vyote. Gemu nyingi haziwezi kujijenga upya kutoka hapo, hivyo zinafunga. Ikitokea mara tano ndani ya dakika moja, mara ya sita Windows haijaribu tena. Inaweka skrini ya bluu yenye namba 0x116.

Kwa hiyo ule ujumbe wa draiva kurejea, unaotuudhi sana, ni taarifa ya uokoaji uliofanikiwa. GPU ilikwama, mlinzi akaiamsha. Kwa nini ilikwama? Mlinzi hajui. Inawezekana draiva iliipa maagizo mabaya, au gemu. Inawezekana umeme ulipungua kwa kitambo kifupi mno, au kumbukumbu ya kadi ilibadilisha sifuri moja ikawa moja. Yote haya yanaishia kwenye ujumbe uleule, neno kwa neno.

Hapa niseme juu ya ushauri mmoja unaosambaa sana: kwamba uingie kwenye rejistri ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, uweke thamani iitwayo TdrDelay, na umwambie mlinzi asubiri sekunde 8 au 10 badala ya 2. Kwa mtu anayetumia GPU kufanya hesabu ndefu au kuandaa filamu, ushauri huo una maana, kwa sababu kazi moja inaweza kweli kuchukua muda. Kwa gemu sikubaliani nao. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 kwa kila picha. Sekunde mbili ni nafasi ya picha 120. Kazi iliyoshindwa kwisha katika muda huo imekwama, na ukiongeza subira utakachopata ni kuiangalia skrini iliyoganda kwa muda mrefu zaidi kabla ya matokeo yaleyale.

Soma kabla ya kugusa

Windows huandika. Hata pale gemu ilipofunga kimya, mara nyingi kuna mstari umeachwa mahali fulani. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta dakika ile ile tatizo lilipotokea. Kama huwezi kusoma orodha ile ndefu, andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia: utapata ukurasa wenye siku zilizopangwa mstari mmoja na alama nyekundu kila palipoharibika kitu. Ukurasa huu watu wachache wanaujua, na una faida kubwa, kwa sababu unakuonyesha tatizo lilianza siku gani na siku hiyo kiliwekwa nini.

Tukio namba 4101 kutoka chanzo kiitwacho Display ndilo la mlinzi: GPU ilikwama ikaamshwa. Ndani yake utaona jina la faili la draiva. nvlddmkm ni ya NVIDIA, amdkmdag au atikmdag ni ya AMD, igdkmd64 ni ya Intel. Kuliona jina hilo kusikupe uhakika wowote juu ya mkosaji. Ni jina la mjumbe tu. Matukio ya WHEA-Logger ni mazito zaidi, kwa kuwa hapo ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika: prosesa, au njia ya PCIe inayoiunganisha kadi na ubao mkuu. Ukiona WHEA karibu na kila ajali, acha kabisa habari za draiva. Na Kernel-Power namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Ikiwa peke yake, bila skrini ya bluu na bila faili la kumbukumbu ya ajali, geuza macho kwenye umeme.

Wanaotumia Linux wana bahati hapa, kwa sababu amri ya dmesg husema wazi zaidi. Draiva ya AMD itaandika ni foleni ipi ya GPU iliyopitwa na muda. Draiva ya NVIDIA hutoa namba za Xid, na kila moja ina maana yake iliyochapishwa na kampuni yenyewe. Xid 31 ni kazi iliyogusa kumbukumbu isiyo yake, na mara nyingi chanzo ni programu. Xid 79 inasema kadi imeanguka kutoka kwenye basi, ile njia ya PCIe, yaani kompyuta haiioni tena kana kwamba imechomolewa. Hiyo ya pili haiponi kwa kubadilisha draiva ila kwa nadra. Angalia umeme, joto, na jinsi kadi ilivyokaa kwenye tundu lake.

Baada ya maandishi, jiulize maswali ambayo kompyuta haiwezi kukujibia. Je, ni gemu moja au zote? Ajali hutokea mapema, baada ya nusu saa, au wakati wowote? Na ilianza lini?

Swali la kwanza lina mtego. Gemu moja ikianguka na nyingine ishirini zikawa salama, ni halali kuanza na gemu hiyo. Kagua mafaili yake kwa kitufe cha ukaguzi kilichopo Steam na kwenye maduka mengine. Futa akiba yake ya sheda ili iandaliwe upya. Kama inakubali, ihamishe kutoka DirectX 12 kwenda 11, au kwenda Vulkan. Zima ufuatiliaji wa miale (ray tracing). Zima programu zinazopachika vidirisha juu ya gemu, za maongezi, za kurekodi, za kuonyesha idadi ya picha kwa sekunde, kwa sababu zote hujiingiza kati ya gemu na draiva, na tatu zikijiingiza kwa pamoja hugongana. Shusha ubora wa michoro ya nyuso, kwa kuwa kumbukumbu ya kadi iliyojaa pomoni nayo huangusha gemu. Lakini usisahau kwamba inawezekana gemu hiyo haina kosa lolote ila ndiyo nzito kuliko zote ulizonazo. Daraja bovu huvunjika siku likipita lori, na lori si mbovu.

Swali la muda ndilo nalolipenda zaidi. Ajali inayokuja gemu inapopakia, hasa inapoandaa sheda, inaelekeza kidole kwa prosesa na RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, kwa sababu hapo GPU karibu haina kazi. Ajali inayokuja baada ya dakika ishirini au arobaini, kila siku karibu muda uleule, inanuka joto. Inayokuja ghafla mandhari yanapobadilika, kutoka chumba chenye giza hadi uwanja wenye mlipuko, inanuka umeme. Na usizipuuze menyu. Menyu ya gemu isiyo na kikomo cha picha inaweza kuifanya kadi ichore picha mamia au maelfu kwa sekunde, na mzigo huo ni wa aina yake. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa kabisa, nyingine zikiwa kwenye menyu tu. EVGA, waliokuwa wametengeneza kadi hizo, walichunguza wakasema chanzo ni kulehemu kubovu kwenye idadi ndogo ya kadi. Watengenezaji wa gemu wakaweka kikomo cha picha kwenye menyu. Kulehemu kulikuwa kubovu tangu kiwandani. Menyu ilikuwa lori.

Draiva inapokuwa na hatia kweli

Sitaki nionekane kama wakili wa draiva. Zina makosa, na historia yake ndefu ndiyo iliyotufundisha kuzishuku kwanza. Vista ilipotoka, kampuni za kadi hazikuwa tayari kwa mpangilio mpya. Hati zilizotolewa kwenye kesi moja nchini Marekani mwaka 2008 zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya ajali za Vista zilizorekodiwa na Microsoft ziliandikwa kwa jina la draiva za NVIDIA. Machi 2010 kampuni hiyohiyo iliondoa toleo 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba draiva ilikuwa ikivuruga feni za kadi, hivyo kadi zikawa zinachemka.

Kisa cha Septemba 2020 kina funzo la aina nyingine. Kadi za RTX 3080 zilipotoka, wanunuzi wengi walianza kuona gemu zikijifunga kasi ya GPU ilipokaribia au kupita gigahezi 2. Kwa siku kadhaa watu walibishana juu ya kapasita zilizo nyuma ya kadi, aina gani kiwanda gani kimetumia. Kisha NVIDIA wakatoa draiva 456.55, na kwa wengi ajali zikakoma. Draiva mpya haikubadilisha kapasita hata moja. Ilibadilisha jinsi kadi inavyopandishwa kasi, na mashine zilizokuwa zikielea ukingoni zikavutwa ndani. Basi nani alikuwa na kosa, draiva au kadi? Kwa mtumiaji jibu halina haja, ila inaonyesha kwamba hata pale draiva inapotibu, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ugonjwa ulikuwa wake.

Draiva ina uwezekano mkubwa wa kuwa na hatia pale tatizo lilipoanza siku ileile ulipoiweka, au gemu mpya ilipotoka na watu wenye kadi ya familia ileile wanaanguka mahali palepale. Hapo dawa ya kwanza ni kurudi nyuma. Toleo jipya zaidi si lazima liwe bora kwa kadi yako. Kama toleo la miezi mitatu iliyopita lilikuwa limetulia, lirudishe, baki nalo.

Ukiamua kusafisha, safisha kweli. Kuweka draiva mpya juu ya ya zamani huacha mabaki, hasa ukitoka kadi ya kampuni moja kwenda ya nyingine. Kuna programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, wengi huiita DDU, na kazi yake ni hiyo tu. Pakua kwanza draiva unayoitaka na uiweke tayari. Kisha kata intaneti. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa: Windows ikiona kadi haina draiva na intaneti ipo, huleta yake kimyakimya, nawe unaweka ya kwako juu yake. Washa mashine katika Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, endesha DDU, washa upya, weka draiva, ndipo urudishe intaneti. Kwenye laptopu jaribu pia draiva inayotolewa na aliyeunda laptopu hiyo, kwa sababu michoro ya prosesa na ya kadi hugawana skrini moja, na yeye ndiye anayejua alivyoziunganisha.

Fanya hivyo mara moja. Tatizo likibaki baada ya usafi huo na baada ya kujaribu matoleo mawili au matatu tofauti, draiva imeshajitetea vya kutosha.

Ujumbe uliosema uongo

Kufikia mwaka 2024 wachezaji wengi wa gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, walikuwa wakikutana na ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha. Wengine waliokuwa wakiuona walikuwa na kadi zenye gigabaiti 24, na gemu ilikuwa haijatumia hata nusu. Walifuta draiva. Walishusha ubora wa picha. Wapo waliobadilisha kadi nzima, wakaweka mpya, wakawasha gemu, wakakuta ujumbe uleule.

Walichofanana wote ni prosesa: Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile za juu kabisa. Gemu hizo huhifadhi sheda zikiwa zimebanwa, na kazi ya kuzifungua ni ya prosesa, inayotumia viini vyote kwa nguvu zote. Prosesa iliyoharibika ilikuwa ikikosea hesabu mara chache sana, lakini mara moja inatosha. Data iliyofunguliwa vibaya ilipelekwa mbele, hatua iliyofuata ikashindwa, na gemu, ikiwa haina njia ya kujua kwamba prosesa imekosea kujumlisha, ikatoa ujumbe uliokuwa karibu zaidi: kumbukumbu ya michoro. Kampuni iliyotengeneza teknolojia ya kubana data iliyotumika, Oodle, ilichapisha tamko kueleza kwamba programu yao haina kosa, bali vifaa vinatoa majibu yasiyo sahihi.

Intel walikuja kukiri kwamba volteji zilizopanda kupita kiasi zilikuwa zikizeesha sehemu ya prosesa kabla ya wakati. Walitoa maikrokodi 0x129, yaani maagizo ya ndani ya prosesa yanayofika kupitia BIOS, Agosti 2024, wakafuatisha 0x12B Septemba, na wakaongeza miaka 2 kwenye dhamana ya prosesa hizo. Maikrokodi huzuia uharibifu usiendelee. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi nayo, inabadilishwa. Kwa hiyo mwenye prosesa ya familia hizo anayesoma haya, angalia kwanza toleo la BIOS yako, ile programu ya ubao mkuu inayoanza kabla ya Windows, kabla ya kuigusa draiva. Kipimo rahisi ni kushusha kizidishi cha viini vikubwa, namba inayoamua kasi yake, hatua chache, kwa mfano kutoka 55 hadi 53. Ajali zikikoma, umempata.

RAM nayo huingia humuhumu. Kasi iliyoandikwa kwenye kifurushi cha RAM kwa kawaida hupatikana tu ukiwasha XMP au EXPO kwenye BIOS, na hiyo ni kasi iliyopandishwa juu ya ile ya kawaida, hata kama muuzaji kaiandika kwa herufi kubwa. Izime kwa siku mbili ucheze. Mashine itapungua kasi kidogo, na unaweza kushangaa jinsi kadi ya michoro inavyopona ghafla. Ukitaka uhakika, acha MemTest86, programu ya kupima RAM, iende usiku kucha. Kosa moja tu asubuhi ni jibu.

Umeme na joto

Tundu la PCIe linatoa wati 75 kwa kadi. Kila kichwa cha pini nane kinaongeza 150. Kadi mpya kubwa hutumia kiunganishi kidogo cha pini kumi na sita kinachoweza kubeba hadi wati 600. Namba hizi ni za wastani, na GPU za kisasa hazivuti umeme kwa wastani. Hupiga kwa mshtuko: kwa sehemu ndogo ya milisekunde kadi inaweza kuvuta mara mbili ya kiwango chake, kisha ikashuka. Programu ya kupima haitakuonyesha, kwa sababu inapima polepole mno. Pawa saplai inaona. Ikihisi mzigo umepita mpaka, inajikinga kwa kujizima, na hapo ndipo unapata ile Kernel-Power 41 isiyo na maelezo. Ndiyo sababu kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zilizitaka pawa saplai zivumilie mishtuko ya hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi mno.

Kisa changu kilikuwa hapa. Nilikuwa na kadi yenye matundu mawili ya umeme, na yote mawili niliyalisha kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa sababu ulikuwa nadhifu. Gemu nyepesi zilikwenda saa nyingi. Gemu moja nzito ilizima skrini kila nilipotoka pangoni kwenda nje kwenye jua. Nilibadilisha draiva mara sita. Niliweka waya wa pili uliotoka peke yake kwenye pawa saplai, na tatizo likakoma siku hiyohiyo. Tangu hapo, mtu akiniambia draiva yake inaanguka, namwuliza kwanza kuhusu nyaya. Kila tundu la kadi na waya wake, na kila kichwa kisukumwe hadi mwisho. Kile cha pini kumi na sita hasa, kisipokaa vizuri, hufanya zaidi ya kuangusha gemu, huyeyuka.

Joto ni rahisi zaidi kulibaini. Endesha HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, nyuma ya gemu na usiishie kwenye namba ya kwanza ya joto, tazama sehemu yenye joto zaidi na kumbukumbu ya kadi. Kadi nyingi za AMD zimewekewa mpaka wa digrii 110 kwenye sehemu hiyo, na kadi ikifika huko hupunguza kasi. Wastani wa digrii 75 huku sehemu moja ikiwa 108 ni dalili kwamba kipozeo hakigusi sawasawa au ute wa joto umekauka. Vumbi ondoa, feni hakikisha zinazunguka zote.

Kupunguza ili kujua

Kabla ya kununua chochote, punguza. Rudisha kasi zote zilizopandishwa ziwe za kawaida, na ukumbuke kwamba kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepandishwa tayari. Kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi ya kadi, shusha kasi ya GPU megahezi 50, kisha 100. Kama umeshusha volteji ili kupunguza joto, irudishe, kwani volteji pungufu huleta ajali zilezile. Weka kikomo cha picha 60. Kama kadi imesimamishwa kwa kebo ya kurefusha, ingia BIOS uiteremshe PCIe kutoka kizazi cha 4 au cha 5 hadi cha 3. Kebo iliyotengenezwa kwa kizazi cha zamani hukosea inapokimbizwa. Kila hatua hapa ni swali unaloiuliza mashine, wala usiichukue kuwa dawa ya kudumu. Badilisha kitu kimoja, cheza, andika. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na ikapona, hujajua kitu, na itakaporudi utaanzia sifuri.

Kuna dalili moja isiyohitaji vipimo. Vidoa vya rangi, mistari, au vimraba vikionekana kwenye skrini kabla Windows haijaanza kupakia, kwenye ukurasa wa BIOS kabisa, draiva haina habari. Wakati huo ilikuwa bado haijaamshwa. Ukiondoa kebo ya skrini na skrini yenyewe kwa kujaribu nyingine, kinachobaki kwa kawaida ni kumbukumbu ya kadi, na hakuna faili la kupakua litakaloitengeneza.

Kipimo cha mwisho ni kuihamisha kadi kwenye kompyuta nyingine yenye pawa saplai ya kutosha, na kuweka kadi nyingine kwenye yako. Kadi ikianguka na huko, na gemu ileile, ni kadi. Ikitulia huko na mgeni wake akaanguka kwako, rudi kwenye umeme, RAM na prosesa. Ukishajua ni kadi na dhamana bado ipo, peleka pamoja nayo ile karatasi yako: tarehe za ajali, namba za matukio, matoleo ya draiva uliyojaribu, na matokeo ya kuihamisha. Fundi atakayeipokea atataka kukwambia ujaribu draiva mpya.